Bei za spea na leba za pikapu pia zichapishwe

Kwa Mhariri,

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA, mamlaka ya kawi na mafuta, ikitoa bei za mafuta mnatuandikia dizeli imepanda au imeshuka kwa shilingi ngapi, na bei za viazi na vitunguu pale Wakulima pia tunazisoma, na hiyo ni kazi nzuri sana. Lakini sisi tunaobeba hivyo viazi na pikapu za miaka ishirini na zaidi kuna bei zingine zinatumaliza na hakuna mahali zimeandikwa. Klachi ya Hilux ni pesa ngapi? Hedi ya 3L, yaani kile kichwa cha injini ya Hilux, je? Kushusha giaboksi fundi anafaa kulipwa nini? Kila mtu anaambiwa bei yake kulingana na vile amevaa na vile anaonekana ako na haraka, na anayeumia zaidi ni yule hajui gari, na hao ndio wengi. Ndio maana nimeamua kuandika, na mnisamehe kwa urefu kwa sababu hii maneno haiwezi kuisha kwa mistari mitatu.

Kwanza tuelewane ni gari gani. Pikapu ambazo utaona alfajiri zikiingia mjini kutoka Limuru, Kinangop na upande wa Kirinyaga ni zile zile: Toyota Hilux za injini ya 2L, 3L na 5L, Isuzu zilizoundwa hapa hapa Nairobi wakati kampuni ilikuwa bado inaitwa General Motors kabla ya kuwa Isuzu East Africa mwaka wa 2017, Nissan za TD27, Mitsubishi L200 za 4D56, na Datsun chache za petroli ambazo wazee wamekataa kuachilia. Mpya hatuiwezi. Ya kuagiza nje sheria inataka isipite miaka minane tangu iundwe, na ikishafika Mombasa na ushuru ukalipwa bei yake si ya mtu wa kubeba mboga. Kwa hivyo hizi kuukuu ndizo ziko, zinauzwa mkono kwa mkono, zinapakwa rangi, zinarudi barabarani, na mji unakula kwa sababu yao. Mtu akisema ziondolewe zote aseme pia kabeji itafika Gikomba na nini.

Watu wengi wanaamini gari ikizeeka ni lazima iwe hasara. Mimi sikubali. Injini kama 3L haina kompyuta, haina sensa za kukusumbua, ukiipatia dizeli safi, oili na hewa inazunguka tu mwaka baada ya mwaka. Kinachoziua hapa kwetu kwa sehemu kubwa ni moto, yaani injini kuchemka, na kinacholeta kuchemka ni vitu vidogo vya bei ya chini ambavyo vilitolewa ama vikapuuzwa na mtu ambaye alijiona anasaidia.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Kwa huo urefu maji huchemka yakifika digrii 94 hivi, si 100 kama pale Mombasa, na ukipanda Limuru yanachemka mapema hata zaidi. Kitu kinachozuia maji ya rejeta, pale maji ya injini hupozwa, yasichemke njiani ni presha, na hiyo presha inashikiliwa na kifuniko cha rejeta, kile kidogo kabisa unafungua na mkono. Kifuniko kikiwa kizima maji yanaweza kupita digrii 110 na bado yasichemke. Raba yake ikikatika ama springi yake ikilegea, presha inatoka, na sasa uko na mzigo unapanda kutoka Mai Mahiu kwa gia ya pili na maji yako yanachemka kwa 94 ama chini yake. Kifuniko kizuri hakifiki elfu moja. Nimeona hedi ya makumi ya maelfu ikienda kwa sababu ya hicho kifuniko, na bado mwenye gari akarudishiwa kile kile cha zamani juu ya hedi mpya.

Halafu thamostati, ile valvu ndogo inafunguka na joto kuruhusu maji yaende kwa rejeta. Hii ndio inaniuma zaidi. Mafundi wengi wa hapa mjini, gari ikichemka hata mara moja, kitu cha kwanza wanatoa thamostati wanatupa, wanakuambia hii ni ya nchi za baridi, Kenya hatuihitaji. Si kweli. Kazi ya thamostati ni kuhakikisha injini inafika joto lake la kufanya kazi, digrii 80 na kitu, na inabaki hapo. Ukiitoa injini inafanya kazi ikiwa baridi, asubuhi nzima, oili haipati joto ya kutosha, ringi na silinda zinasagika, dizeli inatumika zaidi na moshi unaongezeka. Na kuna jambo lingine wengi hawajui, kwenye injini nyingi thamostati ikifunguka inaziba pia ile njia fupi ya maji kurudi kwa injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa hiyo njia inabaki wazi, kwa hivyo maji mengine ya moto yanazunguka tu ndani hayajapoa. Bas, gari ambayo fundi alisema ataizuia kuchemka inaanza kuchemka kwa mlima, na wewe unaambiwa sasa ni wota pampu, halafu rejeta, halafu gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku ya injini.

Tatu ni maji yenyewe. Tunaweka ya mfereji, na mahali pengi Eastlands tunaweka ya borehole, ambayo iko na chumvi. Kulanti, ile maji ya rangi ya kuweka kwa rejeta, si rangi tu ya kupendeza, iko na dawa ya kuzuia kutu na inafanya maji yachelewe kuchemka. Bila hiyo chuma cha bloku kinaoza polepole kutoka ndani na hedi ya 2L na 3L, ambayo ni alumini, inaliwa.

Nilisimama pale Kariobangi Light Industries wakati hedi ya 3L ikitolewa kwa Hilux ya jirani yetu, mama wa kuuza mboga ambaye ndiye mwenye gari na shemeji yake ndiye dereva. Fundi aliinua hedi akaigeuza kwa meza ya mbao. Gasketi ilikuwa imeungua nyeusi kati ya silinda ya pili na ya tatu, na zile tundu ndogo za maji kando kando zilikuwa zimejaa tope nyekundu ngumu ya kutu, akaanza kuichokora na bisibisi inaanguka vipande vipande. Tundu zingine zilikuwa zimeziba kabisa. Halafu akaosha uso wa hedi, akapaka mafuta taa, akapangusa, akapaka chaki, akatuambia tungoje. Baada ya muda mstari mweusi ukajichora wenyewe kwa chaki kati ya valvu mbili. Hapo ndipo hizi hedi hupasuka, kwa ule ukuta mwembamba kati ya valvu, kwa sababu alumini ya juu na chuma cha chini vinapanuka tofauti vikipata moto.

Mama akauliza, "Sasa fundi, hiyo inachomelewa ama?"

"Mama, hii ukichomelea utarudi hapa kabla Krismasi. Nunua hedi."

Fundi alisema ukweli, na namheshimu kwa hiyo. Shida ilianza baadaye, wakati hedi ilitafutwa kupitia mtu mwingine aliyesema anajua duka. Alirudi na bei ya Sh65,000. Mama alikuwa tayari kulipa, viazi vilikuwa vinaharibika shambani na wateja wanapiga simu. Shemeji yake akasema wacha nitembee kidogo, akaenda Kirinyaga Road, pale wengi bado tunaita Grogan, akaingia maduka kadhaa na namba ya injini imeandikwa kwa karatasi. Hedi ya aina ile ile, boksi ile ile, akapata Sh46,000. Hiyo tofauti ni karo ya mtoto. Na hakuna sheria imevunjwa hapo, muuzaji anauza bei anataka. Ni vile tu mama hakuwa na mahali pa kuangalia.

Ukijumlisha ile kazi yote, hedi, seti ya gasketi Sh8,000, wota pampu ambayo ilikuwa inavuja, kuosha rejeta, taimingi belti kwa sababu tayari iko wazi, oili, filta na leba, ilikaribia laki moja. Kifuniko cha rejeta, thamostati na kulanti ya kutosha vingekuwa chini ya Sh6,000 kwa pamoja. Hizi naandika ni bei za hapa Nairobi za hivi karibuni kwa spea za kawaida ambazo si za kampuni yenyewe, za kampuni zinaweza kuwa mara mbili ama tatu.

Taimingi belti nayo inastahili maneno yake. Injini za 2L, 3L na 5L zinatumia mkanda, na Toyota iliweka taa kwa dashibodi imeandikwa T-BELT, inawaka kila kilomita 100,000 kukuambia badilisha. Sasa hiyo taa inaweza kuzimwa kwa dakika chache bila mkanda kuguswa, na wauzaji wa gari kuukuu wanajua. Kwa hivyo taa kuwa imezima haikuambii chochote. Ukinunua Hilux ya zamani na hakuna risiti ya belti, hesabu kwamba haijabadilishwa, nunua belti na beringi yake ya kukaza, kazi yote inaweza kutoka kwa Sh10,000 hivi, na ulale. Ikikatika ukiwa unaenda pistoni zinakutana na valvu na hapo si elfu kumi tena. Mitsubishi 4D56 iko na mikanda miwili, kubwa ya taimingi na ndogo ya shafti za kupunguza mtetemo, na ile ndogo ikikatika inaweza kujisokota ndani ya kubwa ikaiharibu. Usikubali fundi abadilishe moja akuachie nyingine ati bado iko sawa. Nissan za TD27 hazina huo wasiwasi kwa sababu zinatumia gia, na ndio sababu moja wenye nazo huwa hawataki kuziuza, lakini zilizokuja baadaye na YD25 zinatumia cheni na hiyo cheni inajulikana kwa kulegea, ukisikia sauti ya kukwaruza mbele ya injini ikiwashwa baridi usingoje.

Hizi Hilux zilizofuata, zile za D-4D, mtu anaziona za kisasa anafurahia, na kweli zina nguvu na hazili dizeli sana, lakini gharama zake ni za dunia nyingine. Nozo moja tu mpya, ile inanyunyiza dizeli kwa silinda, inaweza kufika Sh30,000 na zaidi na ziko nne. Tena chini ya kila nozo kuna washa ndogo ya shaba, ikivujisha, moshi wa kuchoma unaingia kwa oili, oili inakuwa nzito na kaboni, na ile kaboni inaenda kuziba chujio iko chini kwa sampu, lile bakuli la oili, ambako pampu ya oili hunyonya. Taa ya oili ikianza kuwaka umechelewa. Kubadilisha hizo washa ni pesa kidogo ukilinganisha na injini. Mtu anayenunua D-4D kuukuu aulize kwanza hizo washa zilibadilishwa lini, na kama muuzaji hajui, sampu ifunguliwe chujio kiangaliwe kabla pesa itoke kwa simu.

Dizeli chafu nayo imeua pampu na nozo nyingi. Mnakumbuka mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa, na sababu yenyewe ilikuwa watu kuchanganya mafuta taa na dizeli kwa vile mafuta taa yalikuwa ya bei ya chini. Pampu ya dizeli inalainishwa na hiyo dizeli inapita ndani yake, haina oili nyingine kwa zile nyingi za zamani za rotari. Ukiipatia mafuta taa, ama dizeli ya mtungi inauzwa kando ya barabara na hujui imetoka kwa lori ya nani, vyuma vinasuguana vikavu. Dalili ni gari kuwa ngumu kuwaka ikiwa moto, si ikiwa baridi, na kukosa nguvu. Kupima na kurekebisha pampu na nozo nne kwa mtu ako na mashine ya kalibresheni ni kama Sh25,000 hadi Sh40,000 ikitegemea kile kimeisha ndani. Filta ya dizeli ni mia chache. Pia ile bakuli ya kuchuja maji chini ya filta ifunguliwe kila wiki imwage maji, ni bure kabisa, na madereva wengi hawajui iko hapo.

Sasa mzigo. Pikapu nyingi za aina hii zimeundwa kubeba tani moja hivi. Mfuko wa simiti ni kilo 50, kwa hivyo mifuko 20 ni mwisho, lakini nani hapa Nairobi hajaona pikapu iko na 35 ama 40 inapanda flaiova kama imeinua pua? Najua kwa nini tunafanya hivyo, mteja analipa tripu moja hataki mbili, na ukikataa mwingine anabeba. Lakini hiyo pesa inatoka mahali. Inatoka kwa beringi za magurudumu ya nyuma, kwa yunivasali za propela, yaani viungo vya ile shafti inazungusha magurudumu ya nyuma, ambazo unaanza kusikia zikigonga ukibadilisha gia, kwa sahani ya klachi, kwa difu, zile gia za ekseli ya nyuma, na kwa chesi yenyewe. Klachi nzima ya Hilux, yaani presha, sahani na beringi, nimeulizia nikapata kati ya Sh14,000 na Sh22,000 bila leba, na kwa mtu anayebeba mara mbili ya uzito haimalizi hata nusu ya muda wake.

Na kuna hatari moja inatokana na mzigo ambayo naomba kila mwenye pikapu asome mara mbili. Springi za nyuma zikilala, tunapeleka gari pale Kariobangi inaongezwa majani mawili matatu, nyuma inainuka, tunafurahi. Kwenye Hilux nyingi na pikapu zingine kuna valvu ya breki karibu na ekseli ya nyuma, imeshikwa na fimbo ndogo ya chuma. Kazi yake ni kusoma mzigo kwa vile nyuma imeshuka. Gari ikiwa tupu inapunguza breki za nyuma ili magurudumu yasifunge yakateleza, gari ikishuka na mzigo inafungulia breki za nyuma zaidi. Ukiongeza springi ngumu, gari inabeba tani mbili na haishuki, valvu inadhani iko tupu, na breki za nyuma zinabaki kidogo wakati unazihitaji kabisa. Breki zote zinafanywa na za mbele, padi zinapata moto, mafuta ya breki ambayo hayajabadilishwa miaka yananyonya maji na yanachemka, na pedali inaenda hadi chini. Mnajua barabara ya kuteremka kutoka Rironi hadi Mai Mahiu imezika watu wangapi. Ukiongeza springi mwambie fundi arekebishe na ile fimbo ya valvu, ni kazi ya muda mfupi. Mafuta ya breki ya kutosha gari nzima hayafiki elfu mbili. Mimi ningependa hiyo iangaliwe kwa inspeksheni za kila mwaka za gari za biashara, kwa ukali kuliko taa na rangi ya stika.

Kutu ya chesi sitaiongelea sana kwa sababu hapa bara si mbaya kama Pwani, lakini gari ikiwa imetoka Mombasa ama ilikuwa inabeba samaki au chumvi, lala chini yake na nyundo ndogo ugonge pale springi zinashikwa na pale nyuma ya kebini. Sauti ikiwa butu na maganda yakianguka, ondoka, hata kama injini inaimba. Kuchomelea chesi juu ya rangi nyeusi ya kuficha ni kitu nimeona mara nyingi kwa gari za kuuza.

Kwa yule ananunua naongeza moja tu. Enda asubuhi mapema kabla injini haijawashwa, shika bomba la juu la rejeta. Likiwa gumu limejaa presha na injini imelala usiku mzima, gasketi inavujisha moshi wa silinda ndani ya maji. Fungua kifuniko cha oili, ukiona povu ya rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwa oili. Muuzaji akikuambia aliiwasha mapema kuipasha, mwambie utarudi kesho. Na uangalie kama thamostati iko, muulize fundi wako aifungue aone, asikisie.

Sasa nirudi kwa mafundi, kwa sababu sitaki mtu asome hii barua adhani nawalaumu wao. Sisi wenye gari ndio tumeleta sehemu kubwa ya hii shida. Fundi anashusha giaboksi ya Hilux siku nzima akiwa chini ya gari kwa vumbi ama matope, ukifika jioni unamwambia chukua Sh1,500, na anachukua kwa sababu hajala. Unadhani ataishi na nini? Anaishi na spea. Anakupeleka kwa duka ambapo anajulikana, bei inaongezwa elfu mbili tatu, hiyo inamrudia jioni. Kwa hivyo tunalipa leba yake yote, tena na zaidi, ila tunailipa kwa kujificha na hatujui ni ngapi. Mbaya zaidi, fundi ambaye anaishi kwa spea anafaidika ukibadilisha kitu hata kama hakijaharibika, na hafaidiki akikuambia kweli kwamba ni kifuniko tu cha rejeta. Ningependa tukubaliane leba kamili, kama ni Sh4,000 ama Sh5,000 kwa klachi iwe hiyo na ilipwe bila kuvutana, halafu spea mwenye gari ajilipie mwenyewe dukani kwa till, ujumbe ubaki kwa simu yake, na risiti iandikwe jina la spea, aina na namba yake. Maduka mengi sasa yanaweza kutoa risiti za eTIMS, zile za kielektroniki za KRA, tunaacha tu kuuliza. Kuna muuzaji mmoja aliniandikia risiti "vitu vya gari, Sh18,500". Ukirudi na beringi imevunjika wiki ya pili utaonyesha nini?

Hapa ndipo gazeti linaweza kusaidia kuliko mtu yeyote. Ombi langu ni hili: mara moja kwa mwezi, kando ya bei za vyakula, wekeni kisanduku kidogo cha bei za spea na leba za pikapu zinazotumika sana, Hilux ya 3L, Isuzu, Nissan na L200. Vitu kumi tu vinatosha: kifuniko cha rejeta, thamostati, wota pampu, seti ya gasketi, hedi, taimingi belti na beringi yake, klachi nzima, yunivasali, padi na laini za breki, na kupima nozo. Kwa kila kimoja andikeni bei ya chini na ya juu iliyopatikana Kirinyaga Road, Industrial Area na Kariobangi, na kama ni ya kampuni, ya nakala, ama iliyotumika kutoka Japani, kwa sababu hapo ndipo watu wanachanganywa sana, unauziwa ya nakala kwa bei ya kampuni. Leba iandikwe pia, ya kushusha giaboksi, ya kutoa hedi, ya belti, ya breki, mafundi wenyewe waulizwe ni ngapi wanaona ni haki.

Najua mtaniambia bei zinabadilika kila siku na dola. Bei za nyanya zinabadilika zaidi na bado mnaandika. Najua pia kuna wenye maduka hawatataka, lakini wengine watafurahi, yule wa bei nzuri hana mahali pa kusema yuko. Mama wa Marigiti, yaani pale Wakulima, akiwa na hicho kisanduku amekikata ameweka kwa pochi, akiambiwa hedi ni Sh65,000 atauliza swali moja tu zaidi, na hilo swali ndilo analokosa sasa.

Kama shida ni mtu wa kuzunguka kuuliza, mimi niko tayari. Niko Kariobangi na Kirinyaga Road karibu kila wiki kwa sababu ya hii kazi, na nawajua wenye pikapu wengine pale stendi yetu ambao wamekubali kusaidia. Tutaandika kwa karatasi, jina la duka na bei na tarehe, na tutawaletea hapo ofisini mwisho wa mwezi, mpige simu wenyewe mhakikishe kabla ya kuchapisha. Tungependa tuanze na klachi na hedi.

Ni mimi,
Mwenye pikapu ya mzigo,
Umoja, Nairobi